Mlima wa Weupe: Ukambani na Historia ya Kisicho na Rangi

Milima ya Kilungu, katika kaunti ya Makueni, iko karibu katika mstari mmoja wa longitudo na vilele viwili virefu kuliko vyote barani Afrika. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kiko kusini yake kwa umbali wa takriban kilomita 140, na Batian, kilele cha Mlima Kenya, kiko kaskazini kwa umbali wa takriban kilomita 180, na vyote vitatu vimekaa kwenye nyuzi 37 na ushei mashariki. Kwa hesabu ya mviringo wa dunia, hakuna kati ya vilele hivyo viwili kilicho chini ya upeo wa macho wa mtu aliyesimama juu ya Kilungu, na kinachovificha ni mawingu, vumbi na ukungu wa mbali. Wakamba, ambao nchi yao huanzia huku Kilungu na Nzaui ikavuka mto Athi hadi Kitui, wamekaa kwa vizazi vingi kati ya miamba miwili iliyovikwa kitu cheupe, katika nchi ambayo yenyewe huonekana nyekundu kwa udongo wake na kahawia kwa nyasi zake za kiangazi. Weupe huo ulionwa, ukapewa jina, ukakanushwa na wasomi wa mbali, ukathibitishwa, na sasa unayeyuka. Historia yake ndiyo njia iliyo karibu zaidi, kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ya kuifikia mada inayosumbua wanasayansi wa mwanga na wasanii vilevile, yaani mada ya kutokuwapo kwa rangi.

Inafaa kwanza kueleza maana ya maneno hayo, kwa sababu Kiswahili cha kila siku hakikubaliani nayo. Mtu akiulizwa gari lake ni la rangi gani, hujibu kwamba ni jeupe au jeusi, na hakuna atakayemwambia kwamba hajajibu swali. Neno rangi, ambalo lilitoka Uajemi na kufika pwani pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, linakumbatia nyeupe na nyeusi bila ubaguzi. Katika optiki, yaani sayansi ya mwanga na kuona, hesabu ni nyingine. Isaac Newton, ambaye kitabu chake kuhusu mwanga kilichapishwa mwaka 1704, alionyesha kwamba mwanga mweupe wa jua ukipitishwa kwenye kioo cha pembetatu hutawanyika kuwa spektra, yaani mfululizo wa rangi kuanzia nyekundu hadi zambarau, na kwamba rangi hizo zikikusanywa tena hurudi kuwa nyeupe. Kwa hesabu hiyo, rangi ni upendeleo: kitu huwa chekundu kwa sababu kinarudisha sehemu moja ya spektra na kuzimeza nyingine. Kitu cheupe hakina upendeleo wowote, kwa kuwa kinarudisha zote kwa kiwango kinachokaribiana, na kitu cheusi hakina pia, kwa kuwa kinazimeza zote. Nyeupe, nyeusi na kijivu chote kilicho kati yao ndicho kinachoitwa kisicho na rangi.

Sarufi, hata hivyo, inatunza kumbukumbu ya kale zaidi. Kiswahili kina sifa tatu tu za rangi zinazochukua viambishi vya ngeli, nazo ni -eupe, -eusi na -ekundu, na zilizobaki zote zimeazimwa kutoka kwenye vitu: kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, manjano kwenye kiungo cha jikoni. Kikamba nacho kina mizizi mitatu ya namna hiyo hiyo, -eu kwa nyeupe, -iu kwa nyeusi na -tune kwa nyekundu. Mwaka 1969 wasomi wa Marekani Brent Berlin na Paul Kay walichapisha utafiti uliodai kwamba lugha za dunia hujipatia majina ya msingi ya rangi kwa mpangilio unaofanana, zikianza na jozi ya nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, na ndipo zifuate nyingine. Dai lao limepigiwa darubini na kukosolewa mara nyingi tangu hapo, lakini kwa lugha za Kibantu za ukanda huu linakaa vizuri. Mgawanyiko wa kwanza wa macho uliowekewa jina ni ule ambao mwanafizikia angeuondoa kwenye orodha ya rangi.

Mgawanyiko huo ndio uliotumika kuitofautisha milima miwili. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akifanya kazi chini ya shirika la Kiingereza la Church Missionary Society na aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kwamba Wakamba waliiita Kilimanjaro kwa jina alilolitahajia Kima ja Jeu, akalifasiri kuwa mlima wa weupe. Ule mwingine wa kaskazini waliuita kwa jina alilolisikia na kuliandika kwa namna kadhaa, mojawapo ikiwa Kegnia, ambalo wenye Kikamba chao hulitamka karibu na Kiinyaa na kulihusisha na nyaa, yaani mbuni. Wamaasai, ambao lugha yao haina undugu na Kikamba, walifikia ubaguzi ule ule kwa maneno yao wenyewe: Kilimanjaro kwao ni Ol Doinyo Oibor, mlima mweupe, na Mlima Kenya ni Ol Doinyo Keri, mlima wenye milia au mabaka.

Kwa nini mbuni? Mbuni dume ana mwili wenye manyoya meusi, na mbawa na mkia wenye manyoya meupe, na weusi wake umepakana na weupe wake bila kijivu cha kuwasuluhisha. Kibo ni kuba pana lenye mteremko wa taratibu juu, ambapo barafu iliweza kutandaa kama kofia, ndiyo maana kutoka mbali kilionekana cheupe tu. Batian na Nelion, vilele pacha vya Mlima Kenya, ni mabaki ya koo ya volkano ya kale ambayo kuta zake zimesimama wima kiasi kwamba theluji haishiki, hivyo mwamba mweusi hubaki wazi na barafu hujibanza kwenye mabonde na nyufa zake. Aliyeuita mmoja mlima wa weupe na mwingine mlima wa mbuni alikuwa ameangalia kwa makini, tena kutoka umbali ambao hakuna rangi nyingine inayosalimika. Jambo hili linastahili kukaziwa, kwa kuwa vitabu vingi hulitaja jina la mbuni kama kichekesho cha pembeni, kisha vikaharakisha kwenda kwa Mzungu aliyeuona mlima.

Mzungu huyo wa kwanza, kwa upande wa Kilimanjaro, alikuwa Johannes Rebmann, mwenzake Krapf katika kituo cha Rabai, aliyesafiri kwenda Uchagani mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara. Tarehe 11 Mei mwaka huo aliona juu ya mlima kitu alichokidhania kwanza kuwa wingu jeupe linalong'aa, na alipomuuliza kiongozi wake, jibu alilopewa lilikuwa baridi. Jibu hilo limesimuliwa mara nyingi kama dalili ya ujinga wa mwenyeji asiyejua theluji. Likitazamwa upya ni jibu zuri kupita kiasi. Kiswahili kilikuwa na neno theluji kutoka Kiarabu na neno barafu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ya asili ni theluji yenyewe, lakini maneno hayo yalikuwa ya watu waliosafiri au kusoma, na kitu chenyewe hakikuonekana Mombasa wala Lamu. Kiongozi wa msafara hakuwa na jina la kile kitu, hivyo akataja sifa yake ambayo macho hayawezi kuipa. Weupe peke yake ungeweza kuwa wingu, ungeweza kuwa jiwe, na watu wa pwani walikuwa na simulizi kwamba ni fedha. Baridi ilikata shauri.

Krapf mwenyewe aliondoka Rabai mwezi Novemba mwaka 1849 kuelekea Ukambani, akapita Kikumbuliu na kuvuka Athi, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu ambaye misafara yake iliunganisha Mombasa na nchi za mto Tana. Kivoi alimweleza kwamba alikuwa amefika Uchagani na kuuona mlima wa weupe, na kwamba upo mwingine wa aina hiyo, mkubwa, ambao mtu akipanda kilima karibu na kijiji chake anaweza kuuona wakati wa kiangazi. Krapf alifika msimu wa mvua, na kwa siku kadhaa hakuona ila mawingu. Tarehe 3 Desemba 1849, alipokuwa akiondoka kurudi pwani, mbingu ikafunguka, na kutoka umbali wa kilomita 150 na zaidi akaona mlima mpana wenye nguzo mbili mfano wa pembe, umefunikwa kitu cheupe. Alikuwa amekwisha kuambiwa atazame wapi na atazamie nini.

Umuhimu wa maelezo ya Kivoi unaonekana mtu anapofikiria jinsi hewa inavyomchezea mtazamaji. Katika umbali wa kilomita mia na ushei, hewa iliyo katikati huacha kuwa kioo na kuwa kitu chenyewe: chembe za gesi, unyevu na vumbi hutawanya mwanga wa jua na kuuingiza kwenye jicho pamoja na ule unaotoka mlimani. Mwanga huo wa ziada hupandisha giza la mwamba na kulifanya kijivu cha samawati, na wakati huo huo huififisha tofauti kati ya theluji na mbingu iliyo nyuma yake. Kijani cha msitu hupotea mapema, udongo mwekundu hufuata, na mwisho kabisa hubaki tofauti ya kung'aa na kutong'aa, ambayo haina rangi. Wakati huo, wingu na theluji huwa vitu vya sura moja, kwa kuwa vyote viwili ni maji yaliyogawanyika vipande vidogo sana. Kinachovitenganisha ni muda. Wingu huhama, na weupe wa mlimani hukaa pale pale asubuhi baada ya asubuhi, kiangazi baada ya kiangazi. Msafiri aliyetazama siku moja angeweza kudanganyika, lakini jamii iliyotazama miaka mia isingeweza.

Hapa ndipo ilipo siri ya weupe wa theluji, ambayo ilichukua muda kueleweka hata na wale walioishi ndani yake. Chembe moja ya barafu haina rangi, na mtu akiishika mkononi anaona kidole chake upande wa pili. Rundo la chembe hizo lina maelfu kwa maelfu ya nyuso ndogo zilizoelekea kila upande, na mwanga unaoingia hugonga uso mmoja ukapinda, ukagonga mwingine ukarudi, na hatimaye hutoka ukiwa na mawimbi ya urefu wote, mafupi na marefu, karibu kama ulivyoingia. Hakuna kilichomezwa, kwa hiyo hakuna rangi iliyopendelewa. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoiangukia. Chumvi ya mawe inaposagwa hufanya hivyo hivyo, na chupa isiyo na rangi iliyovunjwa na kupondwa kwenye kinu ingetoa unga mweupe usiofanana hata kidogo na chupa. Barafu nene iliyoshindiliwa hadi hewa ikatoka huanza kuonekana ya samawati, kwa sababu maji humeza kidogo sehemu nyekundu ya mwanga, na kiasi hicho kidogo hujumlishwa mwanga unaposafiri mita nyingi ndani yake. Weupe, basi, ni tabia ya mpangilio wa kitu kuliko tabia ya kitu chenyewe.

Krapf alirudi Ukambani mwaka 1851 akikusudia kufika Tana na kuukaribia mlima. Safari hiyo iliishia vibaya: msafara ulishambuliwa karibu na mto, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka peke yake porini, akibeba maji katika mitutu ya bunduki yake. Kabla ya hapo alikuwa amekutana na mtu wa Embu aliyemweleza kwamba hakupanda mbali mlimani kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichokuwa kikiporomoka kwa kishindo. Ushahidi ulikuwa umekamilika kwa mtu mwenye nia ya kuusikiliza: mahali, umbo, weupe usiohama, baridi, na sauti. Mwaka uliotangulia, 1850, Injili ya Marko kwa Kikamba ilikuwa imechapishwa Tübingen kutokana na kazi ya Krapf, kwa hiyo lugha ya Kivoi iliingia katika wino mweusi juu ya karatasi nyeupe kabla jina lake la mlima halijakubaliwa na wachora ramani.

Lilikuwa halijakubaliwa kwa sababu ya mtu mmoja hasa. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alichapisha mwaka 1852 kitabu kuhusu bara ya ndani ambamo alikataa katakata kuwapo kwa theluji chini ya ikweta. Hoja yake ilikuwa kwamba wamisionari waliona walichokuwa wameamua kukiona, na wapinzani wa aina yake hawakukosa kutaja udhaifu wa macho ya Rebmann, ambaye kweli alikuwa na maradhi ya macho na ambaye alirejea Ujerumani mwaka 1875 akiwa karibu kipofu kabisa, akafa mwaka uliofuata. Cooley hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma Waarabu, Wareno na taarifa za wafanyabiashara kuliko wengi wa wakati wake. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba ushahidi wote ulisimama juu ya macho mawili ya Mjerumani mmoja, ilhali Rebmann na Krapf walikuwa wapokezi wa mwisho wa jambo lililojulikana na Wakamba, Wachagga, Wamaasai na watu wa Embu, kila jamii kutoka upande wake. Wala hoja ya jiwe jeupe haingemsaidia. Nchi ya Kilungu na Machakos imejengwa kwa miamba ya kale sana yenye mishipa ya kwatsi, jiwe jeupe king'avu ambalo mkulima hulikuta shambani kila msimu, na mtu anayelijua jiwe hilo kwa jembe lake hangelichanganya na kitu kinachoporomoka na kugandisha vidole.

Mwaka 1861 Baroni Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, na mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000 na kukutana na theluji ikianguka. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Decken nishani ya dhahabu mwaka 1864. Mlima wa mbuni ulisubiri zaidi: Joseph Thomson aliuona kutoka Laikipia mwaka 1883, Sámuel Teleki alifika kwenye miteremko yake ya juu mwaka 1887, na John Walter Gregory alizikanyaga barafu zake mwaka 1893.

Mwaka ule ule wa 1861, mwezi Mei, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha mjini London jambo ambalo lingekuja kuugusa mlima huo. Alichukua utepe wa kitambaa cha Kiskoti, akapigiwa picha tatu zisizo na rangi kupitia vichujio vitatu, yaani vioo vinavyoruhusu sehemu moja tu ya spektra kupita, kimoja chekundu, kimoja kijani na kimoja buluu. Kila picha ilikuwa kijivu kitupu. Zilipoangazwa pamoja ukutani, kila moja kupitia kichujio chake, utepe ulionekana na rangi zake. Mmarekani Frederic Ives aliiendeleza njia hiyo katika miaka ya 1890 ikawa kifaa cha kuuzwa, na Halford Mackinder alipokuja kuupanda Mlima Kenya mwaka 1899 alikuwa na vifaa vya Ives pamoja na kamera za kawaida. Reli iliyotoka Mombasa, ikapita kwenye tambarare zilizo kusini mwa Kilungu, ilikuwa imefika Nairobi mwezi Mei mwaka huo, na tarehe 13 Septemba Mackinder na viongozi wake wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel, wakasimama juu ya Batian. Mlima ambao wenyeji waliuita kwa weusi na weupe wake ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza Afrika kupigwa picha za rangi, na rangi hizo zilikuwa zimeundwa kwa vivuli vitatu vya kijivu.

Njia ya Maxwell ilifaulu kwa sababu jicho lenyewe hufanya kazi hivyo. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ina aina mbili za seli, ambazo mwanaanatomia Mjerumani Max Schultze alizitenganishia kazi mwaka 1866. Seli zenye umbo la pia, zipatazo milioni sita, zimegawanyika makundi matatu kwa kadiri ya sehemu ya spektra zinayoipokea vizuri zaidi, na rangi huzaliwa ubongo unapolinganisha makundi hayo. Seli zenye umbo la fimbo, zipatazo milioni 120, ni za aina moja, hivyo hazina cha kulinganisha. Zenyewe hujua mwanga ni mwingi au ni mdogo, basi. Mchana wa jua kali seli za fimbo huwa zimezidiwa, na seli za pia ndizo zinazotawala. Jua linapozama mambo hugeuka.

Ni rahisi kulishuhudia jambo hilo kwenye miteremko ya Kilungu, ambako mashamba yamekatwa matuta na giza huingia upesi kama kawaida ya nchi za ikweta. Saa kumi na mbili jioni udongo wa matuta bado ni mwekundu na majani ya mihindi bado ni kijani. Nusu saa baadaye, kabla giza halijawa giza, wekundu huwa wa kwanza kuzima na kuonekana karibu mweusi, huku majani yakibaki na mng'ao uliofifia, kwa sababu fimbo karibu hazihisi kabisa mwanga mwekundu lakini huhisi vizuri ule ulio kati ya kijani na buluu. Mwanafiziolojia Jan Purkinje wa Bohemia alilieleza badiliko hilo mwaka 1825 kwa kutazama maua alfajiri. Kufikia saa mbili usiku hakuna kijani wala chekundu, na mtu anayeishika njia ya kwenda Nunguni kwa mbalamwezi huona njia nyeupe kati ya vichaka vyeusi. Hakuna kilichobadilika duniani. Ni kwamba mashahidi watatu wamelala na amebaki mmoja.

Wapo watu ambao hali hiyo kwao ni ya kudumu. Wale waliozaliwa bila seli za pia zinazofanya kazi, ambao hukadiriwa kuwa mmoja kati ya watu 30,000, huona dunia kwa ngazi za kung'aa na kufifia tu, na mwanga wa mchana huwaumiza kwa kuwa fimbo zao hazikuumbwa kuustahimili. Msamiati wa -eu na -iu ungewatosha bila kupunguziwa.

Mafundi nao walijifunza kuitumia hali ya kukosa rangi kwa makusudi. Katika optiki, kwa miongo kadhaa baada ya Newton, darubini zilisumbuliwa na pindo za rangi kandokando ya kila kitu, kwa sababu lenzi hupinda mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Chester Moor Hall alipata dawa yake mnamo 1733, na John Dollond akaipatia hataza mwaka 1758: lenzi mbili za vioo tofauti hubandikwa pamoja, moja ikitengua kosa la mwenzake, na matokeo yake huitwa lenzi isiyotia rangi. Kwa fundi wa darubini, kufuta rangi ndiko kuona sawasawa.

Mikononi mwa wanawake wa Ukambani kutotia rangi ni sehemu ya ubunifu pia. Kyondo, kikapu kinachoshonwa kwa nyuzi zinazosokotwa juu ya paja, huanza na uzi wa katani au wa gome la mbuyu ulioachwa katika weupe wake wa asili, uliokaribia maziwa, na mistari iliyotiwa rangi huhesabiwa kuizunguka. Uwanja usiotiwa rangi ndio unaoshikilia mchoro, kwani mistari ikijaa kote hakuna mstari unaoonekana. Wachonga vinyago wa mji wa Wamunyu, wanaofuata nyayo za Mutisya Munge aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walifika kwenye upande wa pili wa jambo hilo hilo: mpingo mweusi ulipokuwa haba, mti mweupe ulisuguliwa rangi ya viatu hadi ukawa mpingo machoni pa mteja. Haukuwa udanganyifu mkubwa kuliko ule wa theluji.

Bendera iliyopandishwa Nairobi usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 inasomeka kwa macho hayo. Chama cha KANU kilikuwa na weusi, wekundu na kijani, na wapinzani wao wa KADU walikuwa na weusi, weupe na kijani. Weupe ukaingizwa kwenye bendera ya taifa kama mistari miwili myembamba kati ya mapana matatu, ukapewa maana ya amani. Kwa mtazamaji wa mbali mistari hiyo ina kazi nyingine pia, ya kuzuia weusi usiuchafue wekundu na wekundu usigombane na kijani. Na jina la nchi iliyo chini ya bendera hiyo, lililotangazwa rasmi kwa koloni mwaka 1920, ni la mbuni.

Weupe uliozaa majina hayo sasa unapungua, na kwa sehemu unapungua kwa sheria ile ile ya mwanga. Theluji inayorudisha karibu mwanga wote hujikinga yenyewe na jua, lakini inapokosa kuanguka kwa wakati wake, barafu kongwe iliyochafuka na mwamba mweusi unaofichuka humeza joto, na joto hilo huila barafu iliyo jirani. Kati ya mwaka 1912, eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipochorwa ramani, na mwaka 2007, takriban asilimia 85 ya eneo hilo lilitoweka. Kwenye Mlima Kenya, barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote za mlima huo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mwezi Novemba 2022 UNESCO ilitoa ripoti inayokadiria kwamba barafu za milima yote miwili zitakuwa zimekwisha kufikia mwaka 2050, na hapo mwenye kusimama juu ya Kilungu asubuhi ya kiangazi ataona, kusini na kaskazini, milima miwili ya kijivu.